Tanzia: Hapana ya Gavana (1861–1987)

Hapana ya Gavana, aliyewawezesha magavana wa Marekani kwa miaka 126 kukataa kumkabidhi mtuhumiwa kwa jimbo jingine bila hofu ya kuburutwa mahakamani, alifariki dunia jijini Washington Jumanne, Juni 23, 1987. Aliuawa kwa kalamu ya Jaji Thurgood Marshall. Kati ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani hakutokea hata mmoja aliyetaka abaki hai.

Tangazo hili limechelewa sana, na kuna sababu ya kulitoa sasa. Februari 2025 gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alitia saini hati ya kumtaka daktari mmoja wa New York, aliyeshtakiwa kwa kumwandikia mgonjwa wa Louisiana dawa za kutoa mimba. Gavana wa New York, Kathy Hochul, alijibu mbele ya kamera kwamba hatamtoa daktari huyo, si leo wala siku nyingine yoyote. Waliompenda walishangilia, waliomchukia walilaani, na wote walizungumza kana kwamba marehemu amefufuka. Hajafufuka. Lakini namna alivyokufa na mali aliyoacha ni mambo yanayochanganywa hata na watu waliosomea sheria, kwa hiyo wasifu wake tuusome.

Mimba yake ilitungwa katika wilaya ya Woodford, Kentucky, mwaka 1859. Mwanamke mtumwa aitwaye Charlotte alimtoroka bwana wake, na baraza la mashtaka likamtaja Willis Lago, mtu mweusi aliye huru, kuwa ndiye aliyemsaidia. Kwa Kentucky hilo lilikuwa kosa la jinai. Ng'ambo ya mto, katika jimbo la Ohio, halikuwa kosa kabisa, kwa kuwa sheria za Ohio hazikumtambua mtumwa wala bwana wake. Lago alikuwa ameshavuka.

Gavana wa Kentucky, Beriah Magoffin, alituma hati ya kumdai. Gavana wa Ohio, William Dennison, akampa mwanasheria mkuu wake, Christopher Wolcott, aichunguze. Katiba ya Marekani, ibara ya nne, inasema kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa uhaini, jinai au kosa jingine katika jimbo moja, akaikimbia haki na kupatikana katika jimbo jingine, atakabidhiwa pindi mtawala wa jimbo alikotoroka atakapomdai. Wolcott alisema maneno hayo yanahusu makosa yanayojulikana kuwa makosa pande zote mbili, au yaliyokuwa makosa tangu enzi za sheria ya kale ya Waingereza. Kumsaidia binadamu kuondoka mahali asipotaka kukaa si mojawapo. Dennison akakataa. Kentucky ikaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, ambako majimbo hushtakiana, ikiomba amri ya kumlazimisha.

Dennison hakuwa gavana wa kwanza kusema hapana. Mwaka 1839 William Seward wa New York aliwakatalia Virginia walipowadai mabaharia watatu weusi, walioshtakiwa kwa kumsaidia mtumwa kutoroka kutoka Norfolk. Jimbo la Maine nalo lilikuwa limegoma kuwatoa mabaharia wake wawili, waliodaiwa na Georgia kwa sababu ya mtumwa aliyejificha ndani ya merikebu yao iliyotoka Savannah. Lakini hapana zile zilikuwa za ubishi tu. Hakuna mahakama iliyokuwa imezipa cheti cha kuzaliwa.

Hata sheria ya Bunge iliyokuwa ikivunjwa na magavana hao ilikuwa na historia ya aibu. Ilitungwa mwaka 1793 baada ya John Davis, mtu mweusi aliyepata uhuru wake Pennsylvania, kutekwa na Wavirginia watatu mwaka 1788 na kurudishwa utumwani. Gavana wa Pennsylvania, Thomas Mifflin, aliwadai watekaji hao. Gavana wa Virginia, Beverley Randolph, alikataa. Mifflin akamwandikia Rais George Washington. Bunge likatunga sheria. Nusu yake ya kwanza ilieleza namna ya kudai wahalifu waliokimbia. Nusu ya pili iliwaeleza mabwana namna ya kuwakamata watumwa wao popote nchini. Pennsylvania iliomba kinga dhidi ya watekaji, ikapewa sheria iliyowarahisishia kazi.

Sasa tumfikie baba wa marehemu. Roger Taney, Jaji Mkuu, mzaliwa wa Maryland, alikuwa na umri wa miaka 83. Miaka minne kabla, katika kesi ya Dred Scott, aliandika kwamba watu weusi wa asili ya Kiafrika hawawezi kuwa raia wa Marekani. Siku kumi kabla ya kuisoma hukumu ya Lago alikuwa amemwapisha Abraham Lincoln. Majimbo saba ya Kusini yalikwisha kujitenga. Kila mtu alitazamia kwamba jaji huyu, wa mahakama hii, atampa Magoffin alichokitaka.

Na kwa kurasa nyingi alimpa. Taney alisema Wolcott amekosea: maneno ya Katiba yanagusa kila kosa, liwe kubwa au dogo, liwe linatambulika jimbo la pili au la. Alisema gavana anayedaiwa hana ruhusa ya kupima kama shtaka ni la haki. Kazi yake ni kuangalia karatasi na kutia saini. Dennison alikuwa na wajibu, na aliuvunja. Msomaji wa Kentucky aliyeishia hapo angeweza kwenda kulala akiwa na furaha.

Kisha Taney akageuka. Wajibu huo, alisema, ni wa kimaadili tu. Serikali ya shirikisho haina uwezo wa kumpa afisa wa jimbo kazi yoyote na kumlazimisha aifanye. Ikiwa gavana wa Ohio hataki, hakuna nguvu ya kumshurutisha, si kwa mahakama wala kwa tawi lolote la serikali. Ombi likatupwa. Deni lipo, mdaiwa anajulikana kwa jina, lakini dalali wa kumtoza hakuwekwa.

Ndivyo marehemu alivyozaliwa tarehe 14 Machi 1861, katika hukumu iliyoipa Kentucky hoja zote na kuinyima mtu iliyekuwa ikimtaka. Taney alifikiria nini, tunaweza kukisia bila shida. Akiipa mahakama ya shirikisho fimbo ya kumchapia gavana wa Ohio leo, kesho fimbo hiyo ingekuwa mikononi mwa serikali ya Lincoln, ikiwachapa magavana wa Kusini. Alichagua kuivunja fimbo. Kwa hiyo mtu aliyeandika Dred Scott ndiye aliyemwacha Willis Lago huru upande wa Ohio, na sidhani kama alilala vizuri kwa ajili hiyo. Chini ya mwezi mmoja baadaye mizinga ililia Fort Sumter.

Hilo nalisisitiza kwa sababu marehemu hakuwahi kuwa mtoto wa kanuni. Alikuwa mtoto wa woga wa wiki moja. Na bado aliishi kuliko vita, kuliko utumwa na kuliko Taney mwenyewe, aliyefariki mwaka 1864. Vita viliamua kwa damu kwamba serikali ya shirikisho inaweza kuyalazimisha majimbo. Marekebisho ya Katiba yakaandika hivyo. Mahakama zikaanza kuwaamuru maafisa wa majimbo kuhusu mambo mengi. Hapana ya Gavana akabaki amekaa pembeni, hakuna aliyemgusa.

Ujanani alizoea matajiri na wanasiasa kuliko maskini. Mwaka 1900 mgombea wa ugavana wa Kentucky, William Goebel, alipigwa risasi mbele ya jengo la bunge la jimbo. Mpinzani wake, William Taylor, aliposhtakiwa kuwa alihusika, alikimbilia Indiana. Kentucky ilimdai. Gavana wa Indiana, wa chama kimoja na Taylor, alikataa, na aliyemfuata akakataa vilevile. Taylor alikaa Indianapolis kwa raha, akaendelea na maisha yake, na mwaka 1909 gavana mpya wa Kentucky wa chama chake akamsamehe. Jimbo lililoshindwa mwaka 1861 lilishindwa tena kwa silaha ileile, safari hii bila mtumwa yeyote wa kutetewa.

Kulikuwa na njia nyingine ya kumkwepa marehemu, nayo ni kutomuuliza. Mwaka 1888, katika ugomvi maarufu wa koo za Hatfield na McCoy, gavana wa West Virginia alipokuwa anasita kuwatoa watuhumiwa, wanaume wenye bunduki walivuka mpaka kutoka Kentucky na kuwabeba kwa nguvu. West Virginia ililalamika hadi Mahakama ya Juu. Mahakama ilikiri kwamba utekaji ni kosa, kisha ikasema hakuna sheria ya kuwarudisha waliotekwa. Ukishafika mbele ya hakimu, namna ulivyofikishwa si hoja. Gavana akisema ndiyo, mtu anapelekwa. Gavana akisema hapana, mtu anaweza kubebwa usiku. Mpaka kati ya majimbo mawili ulikuwa ukuta kwa karatasi na mlango wazi kwa farasi.

Lakini ni karne ya ishirini iliyompa marehemu jina jema, na kama kuna watu waliomlilia kwa dhati mwaka 1987, walimlilia kwa ajili ya miaka hii.

Robert Burns, askari aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia bila kazi, alishiriki wizi wa dola 5.80 katika duka moja la Atlanta mwaka 1922. Alihukumiwa kwenda kuvunja mawe akiwa amefungwa minyororo pamoja na wenzake. Alitoroka, akajenga maisha mapya Chicago, akarudi mwenyewe Georgia mwaka 1929 baada ya kuahidiwa kwamba mambo yatakuwa mepesi. Hayakuwa. Alitoroka mara ya pili na kuandika kitabu, na kitabu kikawa filamu iliyotikisa Marekani mwishoni mwa 1932. Georgia ikajua alipo: New Jersey. Gavana wa huko, Harry Moore, aliitisha kikao, akasikiliza habari za minyororo, mijeledi na kambi, akasema hapana. Mahakama isingeweza kusema hivyo, kwa sababu kwa mujibu wa sheria swali lilikuwa moja tu: huyu ndiye aliyehukumiwa, na alikimbia? Jibu lilikuwa ndiyo.

Kisha Haywood Patterson. Mwaka 1931, vijana tisa weusi walishushwa kutoka kwenye treni ya mizigo Alabama na kushtakiwa kwa kuwabaka wasichana wawili weupe. Mmoja wa wasichana hao baadaye alikana kwamba kuna lolote lililotokea. Patterson alihukumiwa kifo mara tatu, na mara ya nne akapewa miaka 75. Mwaka 1948 alitoroka kambi ya wafungwa na kufika Michigan. Mwaka 1950 FBI walimkamata Detroit. Alabama ilipomdai, gavana G. Mennen Williams alikataa kutia saini. Hakuna kifungu cha sheria kilichomwokoa Patterson. Mabaraza ya wazee wa mahakama yalikuwa yamemtia hatiani mara nne. Kilichomwokoa ni mtu mmoja, ofisini Lansing, aliyeacha karatasi mezani bila kuigusa.

Jerry Brown wa California alifanya vilevile mwaka 1978 kwa Dennis Banks, kiongozi wa Wahindi Wekundu aliyekuwa ametiwa hatiani South Dakota kutokana na ghasia za mahakama ya Custer. Hapo ndipo udhaifu wa marehemu ulipoonekana kwa macho. Brown alipoondoka madarakani Januari 1983, hapana yake iliondoka naye. Gavana aliyefuata hakuwa na nia hiyo, na Banks akakimbilia ardhi ya Waonondaga ndani ya New York. Mwaka 1984 alijisalimisha. Kinga inayoishi kwa muhula wa mtu mmoja inakufa kwa sanduku la kura, na mwenye kulindwa hana hata haki ya kuipiga kura hiyo kama ni mgeni.

Kifo chenyewe kilianza Aguadilla, Puerto Rico, Januari 1981. Mwongozaji wa ndege mmoja kutoka Iowa, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, aligombana na mume na mke nje ya duka, kisha akawagonga kwa gari lake. Mke, aliyekuwa mjamzito, alikufa, na mtoto aliyekuwa tumboni akafa naye. Mashahidi wawili walisema dereva alirudi nyuma na kupita tena juu ya mwili wa mke. Alishtakiwa kwa mauaji, akaachiwa kwa dhamana ya dola 5,000, akarudi nyumbani Iowa.

Puerto Rico ilimdai. Gavana wa Iowa, Robert Ray, aliitisha kikao, akajaribu kupatana ili shtaka lipunguzwe, akashindwa, akasema hapana. Terry Branstad alipochukua kiti Januari 1983 alisema hivyohivyo. (Huyu Branstad baadaye alikuja kuwa gavana aliyetawala muda mrefu kuliko wote katika historia ya Marekani, na balozi nchini China, jina lake hata hivyo limebaki vitabuni kwa kesi aliyoshindwa.) Februari 1984 Puerto Rico ilikwenda mahakama ya shirikisho ya Iowa. Ilishindwa, kwa sababu ya hukumu ya 1861. Ikakata rufaa, ikashindwa tena kwa sababu hiyohiyo.

Kati ya yaliyosemwa kwenye kikao cha gavana, kuna moja ambalo Marshall aliliweka kwenye hukumu yake kwa sentensi tulivu isiyo na maoni. Mtuhumiwa na wakili wake walieleza kwamba, kwa wanavyoelewa, Mmarekani mweupe hawezi kupata kesi ya haki Puerto Rico.

Soma tena, ukimkumbuka Haywood Patterson. Ni dai lilelile, limebadilishwa rangi na kupewa mtu mwenye gavana wake nyumbani. Ngao iliyomkinga mtu mweusi dhidi ya Alabama ilikuwa sasa imeinuliwa kumkinga mtu mweupe dhidi ya mahakama za kisiwa cha watu wanaozungumza Kihispania, raia wasio na seneta hata mmoja Washington. Na ilifanya kazi vizuri zaidi kwake, kwa sababu Patterson alihitaji kubahatisha gavana mwenye huruma, ilhali huyu alihitaji tu kurudi kwao.

Aliyepewa kuandika hukumu alikuwa kitukuu cha mtumwa, mzaliwa wa Baltimore, mtu wa Maryland kama Taney. Msomaji wa Kenya anamfahamu kwa jambo jingine. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwalika Marshall awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika kwenye mkutano wa katiba ya Kenya, Lancaster House, London. Kabla ya hapo alipitia Kenya, na mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyozuiwa kuingia kwenye mkutano Kiambu, akaomba ruhusa ya kuwaambia watu neno moja tu, akapaza sauti: "Uhuru!" Huko London aliandika rasimu ya hati ya haki, na sehemu kubwa ya hoja yake ilihusu wale watakaokuwa wachache Waafrika wakishika serikali, yaani Wazungu na Waasia. Alitaka haki zao ziandikwe na zilindwe na mahakama. Hakutaka zitegemee moyo mwema wa mtawala, awe nani.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye ufunguo wa kifo hiki. Wengine walishangaa kwamba Marshall, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, wakati Patterson anakamatwa Detroit, alikubali kuua kitu kilichomwokoa Patterson. Sioni ajabu. Maisha yake yote ya uwakili aliyatumia kuwaomba majaji wa shirikisho wawalazimishe magavana kufanya wasiyoyataka. Baada ya kushinda kesi ya shule za ubaguzi mwaka 1954, alikwenda mahakamani tena kwa ajili ya watoto wa Little Rock, gavana wa Arkansas alipotuma askari kuwazuia mlangoni. Mtu huyo hangeweza kuwaambia watu wa Aguadilla kwamba mahakama ya shirikisho haina nguvu juu ya gavana. Angekuwa anaikata miguu kazi yake mwenyewe.

Kwa hiyo aliandika, bila kelele, kwamba hukumu ya 1861 ni zao la zama nyingine, na kwamba picha yake ya mahusiano kati ya majimbo na serikali ya shirikisho haipatani tena na zaidi ya karne moja ya maendeleo ya Katiba. Nusu ya kwanza ya Taney aliiacha isimame: wajibu ni wa kila kosa, na gavana hana hiari. Nusu ya pili aliizika. Iowa ilijaribu kujificha nyuma ya hoja kwamba Puerto Rico si jimbo, lakini sheria inayotokana na ile ya 1793 inataja maeneo yote chini ya bendera, na hoja ikaanguka.

Mimi niliwahi kufikiri kwamba tanzia ya kitu kama hiki inapaswa kuwa ya furaha tupu, na nimeshindwa kuiandika hivyo. Mwaka 1998 ilikuja kesi ya mtu aliyekuwa amekimbia Ohio akiwa kwenye msamaha wa masharti, akadai kwamba akirudishwa atauawa gerezani. Mahakama ya juu ya New Mexico ilimsikiliza, ikamwamini, ikamwachia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kwa kurasa chache: huwezi kuuliza hayo hapa, kayaulize Ohio. Ohio, jimbo la Dennison. Maswali yanayoruhusiwa kuulizwa ni manne, yaliyowekwa mwaka 1978: karatasi ziko sawa? ameshtakiwa kwa kosa? ndiye mwenyewe? amekimbia? Swali la tano, lile la Patterson na la Burns, yaani watamfanya nini wakimpata, halina tena mtu wa kuulizwa. Gavana amenyamazishwa kwa jina la mahakama, na mahakama inasema si kazi yake. Marshall alihamisha ulinzi kutoka moyo wa mtawala kwenda kwenye jimbo linalodai, akiamini kwamba mahakama za shirikisho zitakuwa zimekaa macho huko. Mara nyingine ziko macho.

Marehemu ameacha ndugu. Mmoja alizaliwa baadaye na anastawi. Majaji Sandra Day O'Connor na Antonin Scalia walikubali Branstad alazimishwe, lakini hawakuweka saini kwenye kila sehemu ya maandishi ya Marshall. Mwaka 1992 O'Connor aliandika kwamba Bunge haliwezi kuyaamuru majimbo yatunge sheria kwa niaba yake, katika kesi ya New York kuhusu taka za mionzi. Mwaka 1997 Scalia aliandika kwamba Bunge haliwezi kuwatuma masherifu wa majimbo kufanya uchunguzi wa wanunuzi wa bastola. Ukizisoma hukumu hizo unaisikia sauti ya Taney chumba cha pili. Tofauti inayotolewa ni kwamba wajibu wa kumkabidhi mtoro umeandikwa ndani ya Katiba yenyewe, si kazi iliyobuniwa na Bunge. Ni tofauti ya kweli. Ni nyembamba pia.

Mali nyingine aliyoacha ni uwanja wa Annapolis, mji mkuu wa Maryland, ambako sanamu ya Taney ilikaa kwa zaidi ya miaka mia moja, na tangu miaka ya 1990 ikawa jirani na sanamu ya Thurgood Marshall. Usiku mmoja wa Agosti 2017 walikuja na kreni wakaiondoa ya Taney. Ya Marshall ipo.

Na sasa yule daktari wa New York. Hochul hakumwita marehemu kaburini, hata kama yeye mwenyewe alisema kwa sauti inayofanana na ya Dennison. Katiba inazungumza juu ya mtu aliyekimbia, na mwaka 1903 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mtu ambaye hakuwepo ndani ya jimbo kosa lilipotendeka hawezi kuitwa mtoro wake. Daktari aliandika dawa akiwa New York. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, madai ya Louisiana hayamgusi kwa nguvu ya Katiba, na hukumu ya Marshall haimlazimishi gavana yeyote kumtoa. Kinachobaki ni sheria ya mfano ya mwaka 1936, iliyopitishwa na majimbo karibu yote, ambayo kifungu chake cha sita kinamruhusu gavana, akipenda, kumkabidhi mtu aliyetenda jambo jimbo moja likaleta matokeo jimbo jingine. Akipenda. Hochul hakupenda, na New York ilikwisha kutunga sheria za kuwakinga madaktari wake.

Lakini kifungu hichohicho cha sita kimo pia kwenye vitabu vya Texas. Siku daktari huyo akipita uwanja wa ndege wa Houston, mwenye kupenda au kutopenda atakuwa gavana wa Texas.